Makisio yanaonyesha faida, lakini kila Aprili fedha huniishia

Kwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kariobangi, hapa Nairobi. Nina karakana ya kushona sare za shule na duka dogo mbele yake. Nilianza na cherehani moja, na sasa nina mafundi watano ninaowalipa kwa kila nguo wanayoimaliza, pamoja na msichana wa dukani ambaye yuko kwenye mshahara. Mwaka uliopita niliuza nguo zipatazo 6,000, yaani mashati, sketi, kaptura na suti za michezo, kwa wastani wa shilingi 700 kila moja, na hivyo mauzo yakafika shilingi milioni 4.2. Nguo 2,000 kati ya hizo zilichukuliwa kwa deni na shule tatu za kibinafsi, mbili za msingi na moja ya upili. Nguo 1,500 zilichukuliwa Januari na 500 Mei. Zilizobaki zilinunuliwa na wazazi dukani kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa.

Kila nguo hunigharimu wastani wa shilingi 300 za kitambaa, shilingi 30 za uzi, vifungo na zipu, na shilingi 120 za fundi. Nusu ya nguo huhitaji nembo ya shule, nami hupeleka kazi hiyo kwa wadarizi wa River Road wanaonitoza shilingi 80 kwa kila nembo. Kodi ya jengo, umeme, mshahara wa msichana na usafiri hufika shilingi 60,000 kwa mwezi. Mimi mwenyewe huchukua shilingi 45,000 kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani na karo ya watoto.

Ninataka kukopa shilingi milioni 1.5 kutoka kwa Sacco yangu kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Shilingi 700,000 zitanunua mashine ya kudarizi nembo, na 800,000 zitanunua kitambaa cha msimu wa Januari. Afisa wa mikopo aliniomba makisio ya miaka mitatu, na mtoto wa dada yangu, ambaye amesomea biashara, akanitengenezea kwa Excel. Mauzo yanaongezeka kwa asilimia 25 kila mwaka, gharama ni asilimia 70 ya mauzo, na faida ni asilimia 30, kwa hivyo mwaka wa kwanza mauzo yanafika shilingi milioni 5.25 na faida inapita milioni 1.5. Afisa aliitazama michoro yote, kisha akauliza jambo moja tu: hiyo asilimia 25 imetoka wapi? Sikuwa na jibu, na kijana naye alisema ni kiwango cha kawaida.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba biashara inaonekana kuwa na faida, lakini kila Aprili naishiwa na fedha. Mwezi wa Oktoba huwa nina akiba yangu ya kama shilingi 850,000, na Novemba chama chetu cha kuweka akiba hunikopesha 600,000, nami hurudisha 660,000 mwezi wa Machi. Shule hulipa kama theluthi moja ya deni la Januari mwezi wa Machi, na salio hulipwa muhula wa pili ukiwa umeanza. Aprili hii nilikopa kwa simu ili niwalipe mafundi. Isitoshe, ile shule ya upili haikunipa oda yoyote ya maana mnamo Januari 2025, na sikuelewa nilikosea wapi.

Je, nichukue mkopo huu? Na kuna maana gani ya kukisia miaka mitatu katika nchi ambayo dola, ushuru, mvua na maandamano hubadilisha mambo kwa wiki moja? Wadhamini wangu ni shemeji yangu na marafiki wawili wa kanisani, nami nisingependa kuwaingiza katika shida.

Mshonaji wa sare, Kariobangi

*

Dada yangu wa Kariobangi,

Nakushukuru kwa barua yenye hesabu kamili, kwa sababu wengi wanaoniandikia kuhusu mikopo hunieleza matumaini yao bila kutaja hata gharama moja. Kuhusu mkopo, jibu langu ni kwamba usitie sahihi fomu ya shilingi milioni 1.5 kama ilivyo sasa. Kuhusu makisio, jibu langu ni kwamba yana manufaa makubwa, na kwamba takwimu ulizoziandika wewe mwenyewe ni msingi bora kuliko jedwali ulilotengenezewa, kwani zinatokana na vitu unavyovishika na kuvihesabu kila siku, ilhali asilimia 25 haitokani na chochote kilichomo katika karakana yako. Afisa yule alikuuliza swali la haki, na nadhani alikufanyia wema.

Tuanze na faida, kwa kuwa ndipo kosa kubwa lilipo. Kitambaa, uzi na vifungo, na malipo ya fundi hufika shilingi 450 kwa nguo. Nembo ni shilingi 80 kwa nusu ya nguo, ambayo ni wastani wa shilingi 40 kwa kila nguo, na kwa hivyo gharama inayoandamana na nguo moja ni shilingi 490. Ukiuza kwa 700, unabaki na shilingi 210, na kwa nguo 6,000 hiyo ni shilingi 1,260,000. Kiasi hicho ni asilimia 30 kamili ya mauzo yako, na hapo ndipo kijana alipoitoa asilimia yake. Hesabu yake ni sahihi mpaka hapo, ila aliishia njiani, kwa sababu kodi ya jengo, umeme, mshahara na usafiri, vinavyokula shilingi 720,000 kwa mwaka hata ukiuza nguo moja, havimo ndani ya ile asilimia 70. Ukiviondoa unabaki na shilingi 540,000.

Bado hatujamaliza. Kwa biashara ya kiwango chako, ushuru wa mauzo unaoitwa TOT ni asilimia 3 ya mauzo yote, baada ya Sheria ya Fedha ya 2023 kuupandisha kutoka asilimia 1. Ushuru huo hutozwa kwenye mauzo na wala si kwenye faida, kwa hivyo hulipwa hata katika mwezi wa hasara, na kwako wewe ni shilingi 126,000 kwa mwaka. Ukiondoa pia shilingi 60,000 unazolipa kama riba ya chama, biashara inakuachia shilingi 354,000. Wewe nawe unachukua 45,000 kila mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Tofauti ya shilingi 186,000 inatoka kwenye mtaji wako, kidogo kidogo, bila kuonekana, na ikiwa akiba yako ya kila Oktoba imekuwa ikipungua, sababu ni hiyo. Sisemi haya kukulaumu, kwa maana karo haingoji na mtu anayefanya kazi ana haki ya kulipwa. Nasema tu kwamba malipo yako ni gharama ya biashara, na makisio yasiyoyataja yamemwacha nje mfanyakazi mkuu wa karakana.

Sasa weka mkopo juu ya picha hiyo. Shilingi milioni 1.5 kwa miezi 36, kwa riba uliyoitaja, zitakudai marejesho ya karibu shilingi 49,800 kila mwezi, ambayo ni kama shilingi 598,000 kwa mwaka. Jedwali la kijana linaonyesha kwamba faida inaweza kulipa kiasi hicho zaidi ya mara mbili. Hesabu zako mwenyewe zinaonyesha kwamba hata usipochukua shilingi moja ya nyumbani, biashara kama ilivyo leo haifikii marejesho hayo.

Huenda mtu akasema kwamba mauzo yatakua. Yanaweza kukua, lakini ukuaji wa mauzo ya sare una chanzo kinachojulikana, nacho ni watoto. Badala ya asilimia, andika jina la kila shule, idadi ya wanafunzi wanaoingia madarasa ya kwanza, idadi ya nguo ambazo kila mmoja hununua kwako, na idadi ya wale wa zamani wanaorudi kununua sketi au kaptura kubwa zaidi. Ukifanya hivyo, utaelewa pia kilichotokea Januari 2025. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na watahiniwa hao wakaingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, wakiwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4. Watoto wa mtaala mpya walibaki kwenye sekondari ya msingi wakielekea Gredi ya 9, na kwa hivyo Januari 2025 hakuna darasa jipya lililoingia shule za upili kote nchini, hadi wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia Januari 2026. Hukukosea popote, dada. Wanunuzi wa sare mpya hawakuwapo, na jambo hilo lilijulikana mapema kwa yeyote aliyehesabu madarasa, ilhali mtu aliyeongeza asilimia 25 juu ya mauzo ya 2024 hakuwa na namna ya kuliona.

Kuna jambo jingine ambalo ile asilimia 25 ililificha. Mauzo ya shilingi milioni 5.25 yangekuvusha kiwango cha shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambacho ukikifikia unatakiwa kujiandikisha kwa VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani. Shati la shilingi 700 likiongezewa asilimia 16 linakuwa la shilingi 812, na mzazi hana mahali pa kudai fidia ya ushuru huo. Ukiamua kubaki na bei ya 700 na kulipa VAT kutoka ndani yake, unapoteza kama shilingi 97 kwa kila nguo kati ya zile 210 unazobaki nazo, ingawa utaruhusiwa kudai VAT uliyolipa kwenye kitambaa ikiwa muuzaji wako amekupa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru. Sikukatazi kukua. Kwa bei ya leo unafika mpaka huo ukiuza kama nguo 7,100, na makisio mazuri yanapaswa kuuonyesha mpaka huo na bei utakayotoza baada yake, ili uamue kuuvuka ukiwa umejiandaa.

Nakuja sasa kwenye swali la Aprili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha barua yako. Makisio ya mwaka mzima hayawezi kulijibu, kwa sababu mwaka huchanganya Januari yenye pesa na Aprili iliyokauka, kisha hutoa wastani ambao haujawahi kutokea katika mwezi wowote. Unahitaji makisio ya mtiririko wa fedha kwa kila mwezi, na kanuni yake ni moja: fedha huandikwa siku inapoingia au kutoka mkononi, si siku nguo inapochukuliwa. Nimejaribu kuyapanga kwa takwimu zako, pamoja na makadirio yangu machache ambayo utayasahihisha.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba una shilingi 850,000 zako na 600,000 za chama, na nimekisia kwamba duka huingiza kama 350,000 katika miezi hiyo mitatu iliyopoa. Jumla ni shilingi 1,800,000. Katika miezi hiyohiyo unanunua kitambaa, uzi na vifungo vya nguo kama 3,200 za msimu, kwa karibu shilingi 1,050,000. Mafundi na nembo za nguo zilizokwisha kushonwa huchukua kama 400,000. Gharama za kila mwezi ni 180,000, na nyumbani unapeleka 135,000. Desemba inaisha ukiwa na kama shilingi 35,000, na ghala limejaa sare.

Januari hadi Aprili ndiyo miezi ambayo kila mtu hudhani una pesa. Nikichukua kwamba katika miezi hiyo minne duka linauza nguo 2,000 kwa wazazi, linakuletea shilingi 1,400,000. Zile nguo 1,500 zinazochukuliwa na shule Januari zina thamani ya shilingi 1,050,000, lakini kufikia mwisho wa Aprili umelipwa 350,000 tu. Fedha zilizoingia kweli ni 1,750,000. Kwenye upande wa kutoka kuna mafundi na nembo za nguo zilizosalia, kama 112,000, gharama za kila mwezi, 240,000, nyumbani, 180,000, ushuru wa mauzo wa Desemba hadi Machi, kama 71,000, ambao hutozwa hata kwenye nguo ambazo shule hazijalipia, chama, 660,000, na gharama ya kuandaa nguo 1,300 za ufunguzi wa muhula wa pili, ambazo kwa shilingi 490 kila moja ni 637,000. Jumla ni karibu shilingi 1,900,000. Ukianza na zile 35,000 za Desemba, unafika mwisho wa Aprili ukiwa na upungufu wa kama shilingi 115,000, huku shule zikiwa na shilingi 700,000 zako.

Kwa hivyo Aprili haiji na bahati mbaya. Inakuja na mambo matatu yanayokutana katika wiki zilezile: deni la chama limelipwa lote kwa mkupuo mmoja, kitambaa cha muhula wa pili kimenunuliwa, na shule bado hazijalipa. Ukiliona hilo kwenye jedwali, unaweza kuligusa kila moja peke yake na kutazama mwisho wa Aprili unabadilika vipi. Shule zikilipa nusu ya deni kufikia Machi badala ya theluthi, ule upungufu unageuka kuwa salio la shilingi 60,000, na hilo ni jambo la kuzungumzia na wakuu wa shule sasa, kabla hujakata kitambaa chao, kwani baada ya nguo kuondoka dukani huna tena nguvu ya kudai masharti. Vilevile, ukipata Sacco ikukopeshe zile 600,000 za msimu badala ya chama, kwa asilimia 1 kwa mwezi, ulipe nusu pamoja na riba mwezi wa Machi na nusu nyingine Juni shule zikishalipa, Aprili inaisha ukiwa na kama shilingi 215,000, na riba yote inakuwa karibu 39,000 badala ya 60,000.

Ndiyo sababu nakushauri usikope fedha za kitambaa kwa miaka mitatu. Kitambaa kinachonunuliwa Novemba hugeuka kuwa fedha kufikia Juni, kwa hivyo mkopo wake unapaswa kuisha mwezi huo. Mashine ni jambo tofauti, kwa kuwa itafanya kazi kwa miaka, na inastahili hesabu yake yenyewe.

Hesabu hiyo ni hii. Leo unatumia nembo 3,000 kwa mwaka, yaani shilingi 240,000. Tuseme uzi, kitambaa cha kutilia nyuma na umeme vitagharimu shilingi 15 kwa nembo ukiidarizi mwenyewe. Unaokoa shilingi 65. Ikiwa itakubidi uajiri mtu wa kuiendesha kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, mshahara wake pekee unahitaji nembo kama 3,700 kwa mwaka, idadi ambayo wewe huna. Sehemu ya mkopo iliyonunua mashine inadai kama shilingi 279,000 kwa mwaka. Ukiyaweka yote pamoja, mashine inajilipa ikidarizi karibu nembo 8,000 kwa mwaka, na kwa hivyo nembo 5,000 lazima zitoke kwa watu wengine watakaokulipa zile shilingi 80 zinazotozwa River Road. Kariobangi ina washonaji wengi, na huenda nembo hizo zipo. Lakini hilo si jambo la kukisia ukiwa umeketi. Ni jambo la kutembea mlango kwa mlango ukiuliza kila mshonaji hupeleka nembo ngapi mjini kila muhula, na kama angekuletea wewe. Ikiwa mmoja wa mafundi wako anaweza kujifunza kuiendesha katika miezi iliyopoa bila mshahara mpya, hesabu inabadilika sana, nalo liandike kama mpango wa pili.

Umeuliza pia kuna maana gani ya kukisia katika nchi yenye misukosuko. Kwa kweli misukosuko ndiyo inayofanya kazi hii iwe ya lazima, mradi usiyachukulie makisio kama utabiri. Kalenda ya shule yenyewe haina uhakika: baada ya janga la korona mwaka wa masomo wa 2022 ulianza mwezi wa Aprili, na mwaka wa 2024 muhula wa pili uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Mtu aliyekuwa ameweka fedha zake zote kwenye kitambaa akingoja ufunguzi wa tarehe 29 Aprili alikaa wiki mbili bila mauzo. Dola nayo ilifika karibu shilingi 160 mwezi wa Januari 2024, kisha ikashuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye, na bei ya vitambaa vinavyoagizwa kutoka nje haiwezi kuepuka mabadiliko ya namna hiyo. Huwezi kujua lini yatatokea tena. Unaweza kujua yatakuumiza kiasi gani, na tofauti hiyo ni kubwa.

Jaribu mambo mawili kwenye hesabu zako uone. Mauzo yakipungua kwa nguo 600, ambazo ni moja kwa kila kumi, unapoteza shilingi 126,000. Kitambaa kikipanda kwa asilimia 10, kutoka 300 hadi 330, unapoteza shilingi 180,000. Ajabu yake ni kwamba washonaji wengi hulala macho wakiwaza wateja, ilhali kwako wewe bei ya kitambaa ndiyo inayouma zaidi, na pengine nusu saa ya kujadiliana na muuzaji wa jora mwezi wa Septemba ina thamani kuliko bango jipya la duka.

Hesabu hiyohiyo inafungua mlango mwingine. Ukipandisha bei kwa wastani wa shilingi 30 tu, kutoka 700 hadi 730, na wateja wasipungue, unapata shilingi 180,000 zaidi kabla ya ushuru, ambazo ukiongeza na riba utakayookoa kwa kuacha mkopo wa chama zinaziba ile tofauti ya 186,000 inayokula mtaji wako. Hata ukiwapoteza wanunuzi wa nguo 750, bado hutakuwa umepungukiwa kuliko leo. Sijui wazazi wa Kariobangi watalipokeaje jambo hilo, wewe ndiwe unayewajua, lakini sasa unajua ukubwa wa hatari unayojadili.

Kijana wako usimwache, kwa sababu ustadi wake unahitajika. Mwombe aanze ukurasa mpya wenye dhana zote mahali pamoja, yaani bei ya nguo, bei ya kitambaa, malipo ya fundi, idadi ya nguo kwa kila shule na mwezi ambao kila shule italipa, na kurasa nyingine zote zisome kutoka hapo, ili ukibadilisha takwimu moja miezi yote ibadilike yenyewe. Pembeni mwa kila dhana aandike ilikotoka. Taarifa za M-Pesa za duka zitakupa mauzo halisi ya wazazi kwa kila mwezi wa mwaka uliopita, mahali pa yale makadirio yangu, na daftari lako la madeni litaonyesha siku ambayo kila shule ililipa. Mwaka wa kwanza upangwe mwezi kwa mwezi. Wa pili na wa tatu unaweza kuwa wa mihula, kwa kuwa mbali kiasi hicho takwimu ndogondogo hazina uzito. Kila mwisho wa mwezi mweke kilichotokea kando ya kilichokisiwa, na msifute makisio ya zamani hata yakiwa yamekosea, maana tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo itakayokufundisha ni dhana gani huwa unaitazama kwa matumaini kupita kiasi.

Kisha rudi kwa afisa wa mikopo ukiwa na maombi mawili tofauti. La kwanza ni mkopo wa msimu wa shilingi 600,000, unaotolewa Oktoba na kulipwa Machi na Juni, nawe umwonyeshe jedwali la kila mwezi pamoja na lile la hali mbaya, ambamo shule zinachelewa zaidi na kitambaa kimepanda. Ikiwa Sacco yako haina mkopo wa namna hiyo na hukata marejesho kila mwezi, yaingize marejesho hayo kwenye jedwali kwanza, uone kama Novemba na Desemba zitayabeba. La pili ni mkopo wa mashine, ambao ningeuacha hadi uwe umehesabu nembo za majirani na kupata idadi inayokaribia 5,000.

Wadhamini wako nao wana haki ya kuona jedwali la hali mbaya kabla hawajatia sahihi, kwa kuwa ukishindwa kulipa ni akiba zao ndani ya Sacco zitakazoshikwa. Keti nao jioni moja, uwaonyeshe mwisho wa Aprili unavyokuwa shule zikilipa theluthi na unavyokuwa zikilipa nusu, na uwaambie umekubaliana nini na kila mkuu wa shule. Ikiwa kuna shule ambayo imekataa kuweka ahadi ya tarehe, waambie hilo pia, na upunguze kitambaa chake kwenye oda ya Oktoba.